Kabla hujaziamini ruta mbili: mambo ya kuzingatia

Ofisi kadhaa hapa Tanga siku hizi zina laini mbili za intaneti, faiba ardhini na redio juu ya paa. Zinanunua ruta mbili, fundi anaweka HSRP au VRRP (kanuni za kuzifanya ruta mbili zipokezane kazi), anakunja ngazi yake anaondoka. Siku wachimba mtaro wanapoikata faiba, mtandao unalala kana kwamba ruta ya pili haikununuliwa. Mara nyingi vifaa ni vizima. Kilichoharibika ni hesabu ya kutoa.

Elewa kwanza kinachogombewa. Kompyuta zote za ofisi zinaijua geitiwei moja tu, yaani mlango mmoja wa kutokea nje, nayo ni anwani pepe isiyo ya ruta moja maalumu, na inashikwa na ruta yenye kipaumbele kikubwa. Katika HSRP, itifaki ya kampuni ya Cisco iliyoelezwa kwenye waraka wa kiufundi RFC 2281 wa mwaka 1998, ruta usiyoiandikia kitu ina kipaumbele cha 100. Ruta husalimiana kila sekunde 3 kupitia upande wa ndani, kwenye swichi. Zikipita sekunde 10 kimya, ya akiba inashika usukani. Lakini faiba ikikatika huko nje, ndani salamu zinaendelea kama kawaida. Ruta kuu inapokea kila pakiti na haina pa kuipeleka. Ndiyo maana unaiagiza iichunge intafesi yake ya nje, yaani tundu linalopokea laini ya intaneti, na intafesi hiyo ikianguka ijipunguzie kipaumbele.

Ijipunguzie ngapi? Usipotaja, Cisco inatoa 10. Ukiipa ruta kuu 120 na ya akiba ukaiacha na 100, basi laini ikifa kuu inabaki na 110, na bado ni bosi. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, ofisi moja upande wa Raskazone, nikaja kulijua saa nne asubuhi wateja wamejaa kaunta. Kinachopunguzwa lazima kizidi tofauti ya ruta mbili. Hapo ningetoa 30, ibaki 90. Usitoe 20 kamili, kwani kulingana si kushindwa. Na kama unachunga intafesi mbili, makato yake hujumlishwa, kwa hiyo piga hesabu ya kila hali: ikianguka ya kwanza, ya pili, zote.

Ukishamaliza hesabu, nenda kwenye ruta ya akiba uangalie kama ina ruhusa ya kunyang'anya uongozi, ile wanayoiita priempti. Kwenye HSRP imezimwa mpaka uiwashe. Wengi huiwasha kwenye ruta kuu peke yake, wakiwaza namna itakavyorudi kazini, na ya akiba inakaa inaitazama 90 ya mwenzake bila kufanya lolote. VRRP huja nayo ikiwa imewashwa, ila ina mtego wake: ukiifanya anwani halisi ya ruta ndiyo anwani pepe, ruta hiyo inakuwa mwenye mali na kipaumbele chake ni 255. Usitegemee uchungaji wa intafesi kuishusha hapo. Chagua anwani ya tatu, isiyo ya ruta yoyote kati ya hizo mbili.

Halafu, unachunga nini hasa? Kebo kutoka ruta hadi kiboksi cha faiba ukutani haizidi mita moja. Faiba ikikatwa huko Muheza, taa ya kebo hiyo inaweza kuendelea kuwaka kijani, na ruta ikaamini mambo ni shwari. Ni bora kuchunga kama anwani fulani ya mbali, nje kabisa ya kiboksi, inajibu pingi, ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?". Funga njia ya pingi hiyo ipite laini ile ile tu, la sivyo itazungukia laini ya pili ikuletee habari ya uongo.

Laini yenye kigugumizi, kama redio wakati wa masika, huwafanya viongozi wabadilishane kila mara. Weka subira ya dakika moja au mbili kabla ruta kuu haijarudi.

Kujaribu kwa kuzima umeme wa ruta kuu hakutoshi. Hapo umepima salamu tu. Chomoa faiba upande wa nje wa kiboksi, pingi ikiendelea, uhesabu zinazopotea. Fanya Jumamosi mchana, na mwambie mhasibu mapema: anwani ya nje itabadilika, kwa hiyo mfumo wa benki huenda ukamtoa na kumtaka aingie upya.