Kabla ya kuwasha kifaa cha nishati: mambo ya kuzingatia kwenye vipimajoto

Ukisikia kifaa cha majaribio kimetoa joto jingi kuliko umeme kilioutumia, uliza kwanza joto hilo limepimwaje. Mara nyingi ziada hiyo hupatikana kwenye kipimajoto. Kasoro za kipimajoto nazo zitafutwe kabla ya kuwasha, wakati bado hakuna matokeo ya kumfurahisha mtu yeyote.

Anza na vihisi vyenyewe. Vitumbukize kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji, kisha kwenye maji yanayochemka. Usitarajie nyuzi 100 kila mahali: kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1 hivi kila unapopanda mita 300 kutoka usawa wa bahari. Themokapo (kihisi cha nyaya mbili za metali tofauti kinachogeuza joto kuwa volteji) ya aina K, inayotumika sana kwenye kazi hizi, hutoa takriban mikrovolti 41 tu kwa kila nyuzi 1, na volteji ndogo kiasi hicho huchafuliwa kirahisi. Hita ikiendeshwa kwa umeme unaokatwakatwa na kidhibiti cha kielektroniki, kelele zake za umeme zinaweza kuingia kwenye nyaya za kihisi na kusomeka kama joto. Kuzigundua si kazi: zima hita ghafla huku ukitazama namba. Joto halisi hushuka taratibu. Namba ikiporomoka papo hapo, kilichoporomoka kilikuwa umeme.

Kama kifaa kinapozwa kwa maji yanayopita, kila kitu kinategemea tofauti ya halijoto kati ya maji yanayoingia na yanayotoka. Maji yakipita kwa gramu 10 kila sekunde, kosa la nyuzi 2 kwenye tofauti hiyo huzaa wati 84 ambazo hazipo. Na themokapo ya kawaida ya aina K inaruhusiwa kupotoka hadi nyuzi 2.2 ikiwa nzima kabisa! Kwa hiyo pitisha maji hita ikiwa imezimwa, uone kama vihisi viwili vinasoma sawa, kisha vibadilishane nafasi. Kihisi cha maji yanayotoka kiingie ndani ya maji. Kikifungwa juu ya bomba la chuma karibu na kifaa, kitasoma joto linalosafiri kwenye chuma. Kama ni chombo cha maji yaliyotulia, hakikisha yanakorogeka. Mwaka 1989, Martin Fleischmann na Stanley Pons walipotangaza kule Utah kwamba wamepata muungano wa nyuklia (viini vya atomi kuungana na kutoa nishati) kwenye chupa ya elektrolisisi, yaani ya kupitishia umeme kwenye maji, ukorogaji ulikuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo kuhojiwa na Nathan Lewis, mkemia wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani. Wao walijibu kwamba maji yao yalichanganyika vya kutosha.

Mvuke ni mtego mbaya zaidi, maana hapo kipimajoto kinaweza kuwa sahihi na hesabu ikawa uongo. Kupasha gramu 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huchukua jouli 335 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke huongeza jouli 2,257. Katika shinikizo la kawaida la hewa, mvuke mkavu husoma nyuzi 100, na mvuke uliojaa matone husoma nyuzi 100 vilevile. Atakayedhani maji yote yamekuwa mvuke, kumbe yanatoka yakiwa bado maji, atakuwa amezidisha joto karibu mara 8. Dawa yake ni kuuelekeza mvuke kwenye maji baridi uliyoyapima uzito, kisha upime yamepanda nyuzi ngapi.

Halafu kuna kamera ya joto, ambayo picha zake nzuri huwafanya watu waiamini kupita kiasi. Kamera haipimi halijoto. Hupokea miale ya infraredi na kukisia halijoto kutokana na emisiviti uliyoiandika wewe, yaani uwezo wa uso ule kutoa miale ukilinganishwa na uso mweusi kamili. Alumina, kauri ipendwayo kwa vifaa vya joto kali, ina emisiviti ya jumla (ya mawimbi yote kwa pamoja) ya 0.4 hivi katika joto kali, lakini katika mawimbi yanayoonwa na kamera nyingi za aina hii hufika 0.9. Ukiipa kamera 0.4, itapandisha halijoto mno. Wakosoaji walitoa hoja hiyohiyo dhidi ya ripoti ya 2014 ya jaribio la E-Cat, kifaa kilichodaiwa kutoa joto jingi kuliko umeme kilioutumia, lililofanyika Lugano, Uswisi, iliyotaja halijoto ya hadi nyuzi 1,400 hivi. Joto linalonururishwa hufuata kipeo cha nne cha halijoto ya Kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273), kwa hiyo uso wa nyuzi 1,000 ukisomwa 1,400, nishati yake huonekana karibu mara 3. Bandika themokapo juu ya uso uleule, ulinganishe.

Mwisho, panga jaribio la kifaa kitupu: umbo lilelile, hita ileile, bila ile “fueli” inayodaiwa kufanya maajabu. Lifike halijoto ileile ya jaribio lenyewe. Kule Lugano kifaa kitupu kilipimwa kwenye nyuzi 450 hivi tu, na kosa la emisiviti halionekani vizuri huko chini. Wakati wa jaribio hilo andika pia ni ziada ya wati ngapi utaihesabu kuwa ya kweli, karatasi akae nayo mtu mwingine. Tenga na siku ya kurudia kipimo cha barafu na maji ya kuchemka baada ya kuzima, kwa sababu themokapo za aina K zikikaa muda mrefu kwenye nyuzi 1,000 na zaidi huanza kupotoka.