Jinsi ya Kusoma Makadirio ya Soko la Tiba ya Saratani ya Ini

Ripoti nyingi kuhusu soko la tiba ya saratani inayoanzia kwenye ini humkaribisha msomaji kwa tarakimu mbili: thamani ya soko kwa sasa, na asilimia ambayo soko hilo linatarajiwa kukua kila mwaka. Ziache kwanza tarakimu hizo, ukatafute ukurasa unaoeleza ni ugonjwa gani hasa uliohesabiwa. Saratani ya seli za ini huchukua kati ya asilimia 75 na 85 ya wagonjwa wa kundi hili. Sehemu kubwa ya waliobaki wana saratani ya mirija ya nyongo iliyo ndani ya ini, ambayo dawa zake ni nyingine. Pemigatinibu, kwa mfano, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, katika kundi hili hupewa tu wagonjwa wa mirija ya nyongo ambao uvimbe wao una mabadiliko katika jeni ya FGFR2. Ripoti inayochanganya makundi hayo mawili kimyakimya, au inayoingiza humo saratani iliyosambaa hadi kwenye ini kutoka utumbo mpana, haistahili kupotezewa muda.

Kisha igawanye asilimia ya ukuaji. Mapato ya dawa hutokana na mambo matatu yanayozidishwa: idadi ya wanaotibiwa, muda ambao kila mmoja hudumu kwenye dawa, na bei inayolipwa hasa kwa mwezi. Soko linalokua kwa asilimia 10 kila mwaka hukaribia kuwa maradufu baada ya miaka 7. Sasa tazama wagonjwa: Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulikadiria wagonjwa wapya wapatao 905,700 duniani mwaka 2020, na watafiti wake walitabiri kwamba idadi ya kila mwaka ingepanda kwa zaidi ya asilimia 55 kufikia 2040 iwapo viwango vya ugonjwa havitabadilika. Ongezeko hilo, likitandazwa katika miaka 20, ni kama asilimia 2.2 tu kwa mwaka. Asilimia zinazobaki, karibu 8, lazima zitoke kwenye muda wa matibabu, kwenye bei, au kwenye sehemu ya wagonjwa wanaofikiwa na dawa. Ripoti isiyosema zinatoka wapi imetabiri kupanda kwa bei bila kukiri.

Idadi ya wanaotibiwa ndiyo yenye mitego mingi, kwa sababu mgonjwa si lazima awe mtumiaji wa dawa. Uvimbe mdogo huweza kukatwa, kuunguzwa kwa sindano ya joto, au kuondolewa pamoja na ini lote kwa upandikizaji. Uvimbe wa hatua ya kati mara nyingi hutibiwa kwa kuziba mshipa unaoulisha. Dawa za mwili mzima huachiwa zaidi hatua iliyosonga mbele, na hata hapo majaribio makubwa yalipokea hasa wagonjwa ambao ini lao bado linafanya kazi vizuri, yaani daraja A katika kipimo cha Child-Pugh. Kwa kuwa saratani hii mara nyingi huota katika ini lililokwisha kujaa makovu, wengi hukosa sifa hiyo. Bevasizumabu, mojawapo ya dawa hizo, huongeza sharti jingine: mishipa ya umio huchunguzwa kwanza, kwani damu ikivuja mgonjwa huweza kufa.

Kuhusu muda wa matibabu, fuata historia ya dawa. Sorafenibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa ugonjwa huu, na kwa takriban miaka 10 ikabaki peke yake kama tiba ya kwanza hadi lenvatinibu ilipofika 2018. Mwaka 2020 muungano wa atezolizumabu na bevasizumabu ulibadilisha mambo: katika jaribio lake, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 19.2, ikilinganishwa na miezi 13.4 kwa sorafenibu. Durvalumabu pamoja na tremelimumabu zikafuata 2022, kisha nivolumabu pamoja na ipilimumabu 2025. Usiilinganishe miezi ya jaribio moja na ya jaribio jingine kana kwamba wagonjwa walikuwa walewale. Ni kosa linalopendwa mno katika michoro ya ripoti.

Bei nayo hushuka ghafla. Mwaka 2012 India ilitoa leseni ya lazima kwa sorafenibu, yaani iliruhusu kampuni nyingine kuitengeneza bila ridhaa ya mwenye hataza (haki ya pekee ya kutengeneza dawa), na gharama ya mwezi ikashuka kutoka takriban rupia 280,000 hadi 8,880. Kwa hiyo, andika tarehe ya kuisha kwa hataza ya kila dawa kando ya mstari wa makadirio yake.

Dawa zinazosubiri idhini zipunguzie thamani bila huruma. Nivolumabu peke yake ilipewa idhini ya haraka Marekani mwaka 2017, na matumizi hayo yakaondolewa 2021. Atezolizumabu na bevasizumabu zilipojaribiwa baada ya upasuaji, matokeo ya mwanzo yalileta furaha, lakini ufuatiliaji mrefu ulionyesha kwamba faida haikudumu. Ripoti iliyoandikwa kati ya furaha hiyo na ufuatiliaji huo ingehesabu soko ambalo halikuja.

Chanjo ya homa ya ini B hupunguza wagonjwa, ila polepole: Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani hii huwapata zaidi watu wazima. Katika makadirio ya miaka 7 athari yake ni ndogo.

Mwisho, tengeneza jedwali lako mwenyewe, ukitenga China, ambako wagonjwa zaidi ya 4 kati ya kila 10 wa dunia hupatikana na ambako dawa na bei zake ni tofauti na za Marekani. Zidisha wanaotibiwa, miezi na bei kwa kila eneo, kisha jumlisha. Jibu lako likitofautiana na la ripoti kwa zaidi ya nusu, rudi kwanza kwenye bei.