Fundi cherehani, shingo ikikaza anzia kwenye kigoda

Miaka yangu ya mwanzo kwenye cherehani ya miguu nilimeza dawa za maumivu karibu kila jioni, hasa Ramadhani, madera na kanzu za watu zikiwa zimejaa mpaka dirishani. Nafuu ilianza siku fundi mmoja mzee aliponitazama nikishona, akasema: "Jicho lako linaitafuta sindano, na kichwa kinalifuata." Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Kikiinama, misuli ya nyuma ya shingo inakibeba kutwa.

1. Kaa mbele ya sindano. Wengi tunakaa katikati ya cherehani, wakati sindano iko kushoto. Shingo inageukia huko mpaka jioni. Pua, kitovu na sindano viwe mstari mmoja. Kanyagio likiwa pembeni kidogo, sogeza miguu, usipinde kiuno.

2. Pandisha kigoda. Viwiko vilingane na meza au viwe chini yake kidogo, mabega yasipande. Nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Huna kiti kingine? Jaza kiroba vipande vya vitambaa, kikalie.

3. Inamisha meza kuelekea kwako. Weka vibao vya sentimita 2 chini ya miguu ya nyuma. Hakikisha cherehani haichezi.

4. Mwanga. Balbu iwe karibu na sindano, hasa ukishona nguo nyeusi. Na ukishapita miaka 40, kapime macho. Mafundi wanaona haya kuvaa miwani ya kusomea, halafu wanailalia sindano kama wanainusa.

5. Bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) ikiisha uzi, simama. Rudisha kidevu nyuma, kama mtoto anayekataa kijiko cha dawa, hesabu mpaka 5, achia. Mara 10. Kinyozi anayezungusha shingo mpaka ilie, mkwepe.

Kazi za kushona kwa mkono, kama vifungo, pindo na darizi: weka mto mapajani, kazi ipande usoni.

Ila ukipata ganzi mikononi, mkono ukaishiwa nguvu hadi mkasi unaponyoka, au shingo ikakakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma, funga ofisi uende hospitali siku hiyohiyo. Nguo za mteja zitasubiri.