Kumeza dawa za kifafa bila hatari: hatua kwa hatua, kwa wagonjwa na walezi wa Goma

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Mgonjwa anapoanguka tena huku vidonge viko nyumbani, mara nyingi dawa haina kosa. Kuna dozi iliyorukwa, kuna kidonge kilichobadilishwa farmasi bila mtu kugundua, au kuna dawa nyingine iliyoingia kati. Mambo haya matatu ndiyo tunayoyashughulikia hapa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuonwa na mganga na ana ordonansi (karatasi ya dawa) mkononi. Kama bado, anzia kituo cha afya cha mtaa wako, au nenda Tulizo Letu, ambako kifafa kinafuatiliwa pamoja na magonjwa ya akili. Usianze dawa ya jirani, hata kama mnaanguka kwa namna moja. Kifafa kina aina nyingi, na dawa inayomtuliza mmoja yaweza kumzidishia mwingine: karbamazepini, kwa mfano, inaweza kuongeza yale mashambulio mafupi ambapo mtoto anaduwaa sekunde chache macho wazi.

Hatua ya 1: Soma plaketi, usitazame rangi

Plaketi ni kile kibao cha karatasi na plastiki kinachofunga vidonge. Tafuta kwanza hapo jina la dawa yenyewe. Fenobarbitali imeandikwa phénobarbital au phenobarbitone, na wengi wanaiita Gardénal. Karbamazepini wengi wanaijua kama Tegretol, valproati kama Dépakine. Ya nne ni fenitoini. Majina ya viwanda hubadilika kila shehena inapofika. Jina la dawa halibadiliki.

Kisha soma namba iliyo mbele ya herufi mg, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Fenobarbitali inayotoka nchi zinazotumia Kifaransa hupatikana kwa 10, 50 na 100 mg. Ukivuka barrière (mpaka) kwenda Gisenyi, au dawa ikipitia Uganda, unaweza kukuta vidonge vya 30 mg. Vingi ni vidogo, vyeupe, vya mviringo. Mtu mzima aliyezoea vidonge viwili vya 30 anameza 60 mg, dozi ya kawaida ya kuanzia. Akipewa vya 100 na kuendelea kumeza viwili, amefika 200 mg, na amepita kiwango cha juu cha mtu mzima, ambacho ni 180 mg kwa siku. Atalala mchana kutwa, atayumba kama mlevi, na akinywa na pombe anaweza kushindwa kupumua. Kinyume chake pia ni hatari: aliyekuwa anameza kimoja cha 100, akipewa kimoja cha 30, amepunguziwa dawa ghafla hadi chini ya theluthi, na anaweza kuanguka wiki hiyohiyo au inayofuata.

Kwa hiyo, unapopokea dawa, simama palepale mbele ya muuzaji na ufanye hesabu: mg za kidonge mara idadi ya vidonge, je, ni sawa na mg zilizo kwenye ordonansi? Mfano wa mtoto: ana kilo 15, mganga ameandika 3 mg kwa kila kilo, yaani 45 mg kwa siku. Kwa kidonge cha 30, hiyo ni kimoja na nusu. Kwa kidonge cha 100, nusu yake ni 50, na ni mganga wa kusema kama 50 inafaa, si muuzaji.

Usikubali vidonge vilivyohesabiwa mkononi na kufungwa kwenye kipande cha karatasi. Hapo huna jina, huna mg, huna tarehe ya kuharibika. Muuzaji akisema anauza kwa kipande, mwombe akate plaketi upande ambao maandishi yanabaki, au akuonyeshe boksi lenyewe ulipige picha kwa simu.

Hatua ya 2: Panga saa, na uifunge na jambo usilolisahau

Fenobarbitali inamezwa mara moja kwa siku, usiku kabla ya kulala, kwa sababu inaleta usingizi. Karbamazepini na valproati za kawaida hugawanywa mara mbili au tatu, maana zinatoka mwilini haraka zaidi. Mara mbili maana yake ni kila saa 12: saa moja asubuhi na saa moja jioni, si asubuhi na adhuhuri.

Weka alamu ya simu, lakini usiitegemee peke yake kwa mji ambao umeme unakatika na simu inazimika. Tumia kaye (daftari): mstari mmoja kwa siku, alama moja kwa kila kidonge kilichomezwa, na nafasi ya kuandika siku ya kuanguka, saa na dakika. Mganga akiona kaye hiyo anajua kama dozi ni ndogo au kama dozi zinarukwa. Asipoiona atakisia, na mara nyingi ataongeza dawa isiyohitaji kuongezwa.

Wenye valproati ngumu yenye ganda, au karbamazepini iliyoandikwa LP (yaani inayotoka polepole), wasisage wala kutafuna. Kidonge kimetengenezwa hivyo ili dawa isitoke mapema tumboni, au itoke polepole. Ukikiponda, unaharibu mpango huo, na dawa ya LP yaweza kuingia yote kwa mpigo. Mtoto asiyeweza kumeza aombewe siropu.

Hatua ya 3: Umesahau dozi au umetapika

Wa mara moja kwa siku: ukikumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake usiku, meza ya usiku huo tu. Wa mara mbili: kama zimepita saa chache, meza, kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Hakuna hali ambapo unameza mbili kwa pamoja kufidia.

Ukitapika na kukiona kidonge kizima katika matapishi, meza kingine. Ikiwa imepita zaidi ya saa moja, usirudie. Katikati ya hapo, mpigie mganga. Ukitapika siku nzima, kama ilivyo kwa kipindupindu au malaria kali, usisubiri kesho, nenda hospitali: dawa inahitaji kuingia kwa njia nyingine.

Hatua ya 4: Wiki tatu za kwanza

Fenobarbitali hujaa mwilini polepole, wiki mbili hadi tatu. Kuanguka siku ya tano hakumaanishi kwamba dawa imeshindwa, na kuongeza dozi mwenyewe siku hiyo ni kujijazia sumu utakayoiona wiki ya tatu. Usingizi wa mwanzo hupungua kwa watu wengi. Kwa watoto, fenobarbitali inaweza kuleta kinyume chake: mtoto hatulii, ana hasira, darasani hashiki. Mwambie mganga, msimwadhibu mtoto. Si tabia yake.

Karbamazepini huanza kwa dozi ndogo, 100 hadi 200 mg kwa siku kwa mtu mzima, ikipanda taratibu. Kizunguzungu na kuona vitu viwiliviwili ni dalili za kupanda haraka mno. Fenitoini inadai uangalifu zaidi, kwa sababu nyongeza ndogo tu inaweza kuirukisha hadi kwenye sumu.

Jambo moja halisubiri kesho: vipele vinavyoenea, hasa vikija na homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, au ngozi kubanduka. Hutokea zaidi katika miezi miwili ya kwanza, kwa karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na plaketi mkononi, kabla ya kumeza dozi inayofuata. Macho kuwa ya manjano, au kutapika na kulegea kwa mtoto anayemeza valproati, nayo ni safari ya siku hiyohiyo: ini linaweza kuwa linaumia.

Hatua ya 5: Dawa nyingine, na hapa soma polepole

Fenobarbitali, karbamazepini na fenitoini zinalichochea ini kuvunja dawa nyingine haraka. Dawa hizo nyingine zinakuwa kama zimemezwa nusu, bila mtu kujua.

Malaria: artemetheri na lumefantrini hupungua nguvu. Mwambie anayekutibu kwamba unameza dawa ya kifafa ili achague ipasavyo, na homa isiposhuka ndani ya siku mbili au tatu, rudi. Meflokini si ya mtu mwenye kifafa. Wakati wa malaria usiache dawa ya kifafa hata usiku mmoja, kwa kuwa homa yenyewe inaleta mashambulio.

Virusi vya Ukimwi: dozi ya kawaida ya dolutegraviri haitoshi kwa anayemeza karbamazepini. Wahudumu wa pande zote mbili lazima waione ordonansi ya mwenzao. Kifua kikuu: rifampisini hushusha fenitoini na valproati, isoniazidi hupandisha karbamazepini na fenitoini. Ni wagonjwa wachache wanaoambiwa haya, kwa hiyo uliza wewe.

Uzazi wa mpango: vidonge na vijiti vya mkononi hupoteza nguvu, na mimba inaingia. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba vinabaki imara. Valproati haipunguzi nguvu ya vidonge hivyo, lakini ina ubaya mkubwa zaidi: takriban watoto 10 kati ya 100 waliokuwa tumboni mama akiimeza huzaliwa na kasoro ya mwili, na 30 hadi 40 kati ya 100 hupata shida ya kujifunza na kukua kiakili. Msichana au mama anayeweza kushika mimba asianzishiwe valproati wakati dawa nyingine inamfaa. Mama aliyekwisha kushika mimba asiache dawa yoyote peke yake, maana kuanguka na kukosa hewa kunaweza kuwaua wote wawili. Aende mapema, aulize kuhusu asidi ya foliki, na siku ya kujifungua awakumbushe wahudumu kwamba mtoto apate vitamini K.

Vya kununua barabarani: tramadoli na siprofloksasini zote zinaweza kuleta shambulio. Tramadoli inauzwa kama karanga kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Wewe chukua parasetamoli. Bia na kasiksi (pombe ya ndizi) zikichanganyika na fenobarbitali zinakandamiza pumzi.

Hatua ya 6: Mkesha na mfungo

Kukosa usingizi ni moja ya vichocheo vikubwa vya kuanguka. Anayetaka kusali asali mchana, au aondoke kanisani kwa saa ya kulala. Katika mfungo wa siku tatu bila kula wala kunywa, kidonge na funda la maji vinaendelea. Zungumza na mchungaji au imamu mapema, ukiwa na mlezi wako, ili asikuambie katikati ya maombi utupe dawa kama ushahidi wa imani. Mgonjwa wa kisukari anameza na kuomba; wewe pia.

Hatua ya 7: Akiba na mfuko wa kukimbia

Dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Fenobarbitali ina hila yake: inabaki mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Siku ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, mtu anasema amepona. Kisha mashambulio yanakuja kwa mfululizo, moja halijaisha lingine limeanza, na hiyo inaua.

Kimoja kila usiku ni vidonge 30 kwa mwezi. Viwili kwa siku ni 60. Shika akiba ya wiki mbili isiyoguswa, yaani 14 au 28. Ukibaki na hivyo tu, hiyo ndiyo siku ya kwenda kutafuta, si siku ya kidonge cha mwisho. Vidonge vipya vikija, tumia vya zamani kwanza.

Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama alfajiri. Januari 2025 watu walikimbia tena, mara hii kwa sababu ya vita. Akiba yako iwe ndani ya mfuko mmoja na nakala ya ordonansi na kadi ya mgonjwa, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua. Picha ya ordonansi iwe pia kwenye simu ya mtu mwingine.

Usiweke dawa juu ya kabati la jikoni wala karibu na bidoni za maji. Karbamazepini ikinyonya unyevu inaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu yake huku kidonge kikionekana kizima. Iache kwenye plaketi, ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, mbali na mikono ya watoto.

Hatua ya 8: Akianguka licha ya dawa

Tazama saa. Mlaze ubavu, ondoa mbabula na vyombo vya moto, weka nguo chini ya kichwa. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidonge mdomoni. Povu haliambukizi. Shambulio likipita dakika 5, au likija la pili kabla hajarudiwa na fahamu, tafuta gari, si pikipiki, mpeleke hospitali.

Hatua ya 9: Kupunguza

Swali la kuacha linaulizwa baada ya angalau miaka miwili kamili bila kuanguka, na kaye inathibitisha. Mganga hupunguza kidogokidogo kwa muda usiopungua miezi miwili, mara nyingi zaidi, na si kila mgonjwa ataruhusiwa. Wakati huo usiendeshe pikipiki, usioge ziwani peke yako, na usipike bila mtu karibu. Shambulio likirudi, mpigie siku hiyohiyo akuambie dozi ya kurudia, na usiendelee kushuka kwenye hatua inayofuata ya ratiba.