Masega hayafi yenyewe: kutunza Altezza, Celica au WRX ya zamani isikusumbue na taa na moshi

Wadau wenye Altezza, Celica, Impreza WRX na hizi gari zingine za spidi za miaka ya 90 na 2000 mwanzoni, kuna kitu kinatuumiza sana hapa Arusha na Moshi. Taa ya cheki injini inawaka, unaenda gereji, fundi anachomeka mashine anakwambia masega (kile kiboksi kwenye bomba la ekzosi kinachosafisha moshi, catalytic converter) yamekufa, yanatolewa yanauzwa, bomba linarudishwa tupu, na taa bado ipo palepale. Masega hayafi yenyewe jamani, mara nyingi kuna kitu huko mbele kimeyaua, na ukifunga mengine bila kukigusa hicho kitu yatakufa na hayo.

Ndani ya kile kiboksi kuna kauri yenye vitundu vidogo vidogo imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na inaanza kufanya kazi vizuri ikishapata joto kama nyuzi 300 hivi. Kazi yake ni kumalizia hewa chafu iliyotoka kwenye injini. Ila petroli mbichi isiyoungua ikifika pale inaungulia humo humo ndani, joto linapita nyuzi 1,000 na kauri inaanza kuyeyuka na kuziba, ndo pale unakuta gari ukiwa unapanda kuelekea Machame inakataa kabisa kuvuta hata ukikanyaga hadi mwisho.

Kwahiyo adui namba moja ni misi, yaani silinda kushindwa kuchoma petroli yake. Gari ikimisi hata kidogo usiseme nitaangalia mwisho wa mwezi, na taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima kuzima huku unaendesha punguza mguu hapo hapo, maana hiyo ni misi kali na masega yanaungua muda huo huo. Anza na plagi. Ichomoe uitazame kwenye mwanga: rangi ya kahawia iliyopauka au kijivu ni nzuri, nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli inaingia nyingi, ikiwa imelowa oili basi kuna ringi au sili za valvu zimechoka. Plagi za kawaida zibadilishe kila kilomita 20,000 hadi 30,000, zile za iridiamu zinaweza kufika 100,000 kama ni orijino, na feki zimejaa mtaani kwahiyo nunua kwa mtu unayemwamini hata kama bei imechangamka. Alafu angalia shimo la plagi lenyewe, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) ikichoka oili inajaa mle na koili inayoipa plagi moto inaanza kuuvujisha. Na hii ya kwenda kaa woshi kuosha injini kwa presha naomba tuiache, maji yanaingia kwenye mashimo ya koili, unatoka pale gari inang'aa na inamisi.

Kingine, fundi akitaka kujua silinda gani haifanyi kazi anachomoa koili moja moja gari ikiwa inaunguruma. Kila akichomoa, petroli ya silinda ile inaenda mbichi moja kwa moja kwenye masega. Mwambie kwa upole achomoe soketi ya nozeli (inayopulizia petroli) badala ya koili, jibu analipata lile lile na petroli haiingii.

Sasa kuna hili la thermostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na hapa ndo naumia zaidi. Mafundi wengi wanaitoa, wanasema nchi yetu ni joto haina kazi. Arusha ipo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba asubuhi watu wanatembea na makoti mazito, joto gani hilo? Kompyuta ya gari ikiona maji ya injini bado ya baridi inaendelea kumwaga petroli nyingi kama vile umewasha sasa hivi, na bila thermostati injini inaweza kuchelewa sana kufika joto lake, hasa kama safari zako ni Njiro hadi Clock Tower na kurudi. Unakula wese, plagi zinakuwa nyeusi, oili inachanganyika na petroli, masega yanajaa masizi. Rudisha thermostati ya nyuzi sahihi za gari yako, na kama gari inachemsha bila sababu tafuta rejeta iliyoziba au feni iliyokufa. Pia mara moja moja ipeleke Moshi na kurudi, ile barabara ya Usa River hadi Boma Ng'ombe kwa mwendo wa kawaida tu (tochi zipo nyingi) inatosha kuipasha moto vizuri na kuchoma masizi.

Oili. Inayoungua ina fosforasi ndani yake, inaganda juu ya masega taratibu hadi yanakosa nguvu. Moshi wa bluu ukiuona tafuta chanzo, anza na valvu ya pisivi (PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukachomwe) kwasababu ni ya bei ndogo: itoe itikise, zile nyingi za chuma zinatakiwa kulia ndani, isipolia imeganda. Wenye turbo muangalie na sili za turbo. Na msimwache fundi apake silikoni nyekundu kila mahali kama siagi kwenye mkate, mvuke wa silikoni isiyo salama kwa sensa unaharibu sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi inayoiambia kompyuta kama petroli ni nyingi au kidogo.

Hiyo sensa ya mbele, iliyo kabla ya masega, ikiwa nzima, injini ikiwa ya moto, volti zake zinapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 muda wote. Ikizeeka inakuwa mvivu, kwahiyo gari ikishapita kilomita 150,000 ianze kuishuku. Ila kabla hujanunua angalia bomba la ekzosi halivuji kabla ya sensa, masizi meusi kwenye maungio yatakuonyesha, maana hewa ya nje ikiingia pale kompyuta inadhani petroli ni kidogo inaongeza. Mipira ya vakyumu iliyopasuka nayo inasumbua, na vumbi letu hili linataka ea klina ibadilishwe mapema, kupuliza kwa upepo kila siku mwisho inatoboka.

Kwenye sheli, bomba likishajikata lenyewe acha. Wale wa kutikisa gari ili iingie zaidi wanalowanisha kile kichujio cha mkaa kinachonasa mvuke wa tanki, na kikilowa ndo basi.

Kusoma kodi za makosa kwenye kompyuta ya gari, vile vidude vya bluetooth vya bei rahisi vinaweza kugoma kwenye gari za Japani za miaka hiyo. Toyota nyingi za miaka hiyo unaunga pini za TC na CG kwenye soketi ya kupimia gari, unawasha swichi bila kupiga stata, unahesabu taa ya cheki injini inavyopepesa: 21 ni sensa ya oksijeni, 25 petroli kidogo, 26 petroli nyingi.

Alafu kabla hujakubali kwamba masega yamekufa, subiri ekzosi ipoe uigonge taratibu na nyundo ya mpira, ikilia kama kuna kokoto ndani kauri imevunjika. Isipolia, ipashe injini hadi iwe ya moto kabisa, shika kipima joto cha kumulika, pima bomba linaloingia na linalotoka: kwenye masega yanayofanya kazi kwa kawaida upande wa kutoka unakuwa na joto zaidi. Ikiwa hivyo usiruhusu yatolewe, mwambie fundi arudi kwenye plagi, koili na sensa.