Somo: Kufufua sakafu ya parke ya muhugu bila kuimaliza

Ukirithi nyumba ya zamani Nairobi, usikimbilie kuagiza vigae vya kauri. Inua kwanza pembe ya kapeti. Huenda chini yake kuna parke, vile vijiti vifupi vya mbao vilivyopangwa kama ukili wa mkeka. Ikiwa ni muhugu, umebahatika. Mbao yake ni nzito, mchwa huikwepa, na ukiipiga msasa chumba kizima kinanukia. Wachonga vinyago nao wanaipenda, ndiyo maana mti umekatwa mno na mbao mpya ni shida kupata.

Vijiti hivi mara nyingi vina unene wa milimita 8 tu. Mashine kubwa ya msasa ikipita, yaweza kuondoka na milimita nzima. Hiyo ni akiba unayoichota bila kuirudisha, kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga kusaga kidogo iwezekanavyo.

1. Gonga. Chukua mpini wa bisibisi ugonge kipande kimoja kimoja. Kilichoshika hulia "ko". Kilichoachia hulia kama debe tupu. Tia alama ya chaki. Ukikuta weusi karibu na ukuta wa bafu, tafuta bomba linalovuja, litengeneze, kisha uache pakauke hata kama ni wiki kadhaa. Kubandika juu ya unyevu ni kazi bure.

2. Rudisha vilivyoachia. Hapa ndipo mafundi wengi hulipua kazi. Piga picha, ng'oa kipande, andika namba mgongoni. Chini utakuta lami, gundi ya enzi zile. Usiisage kwa mashine wala kuikwangua ikiwa kavu, kwa sababu baadhi ya lami za zamani zilichanganywa na asbesto. Vaa barakoa inayobana vizuri, inyunyizie maji, uikwangue taratibu mgongoni mwa kijiti kwa patasi pana. Fanya asubuhi kukiwa na baridi, inabanduka vipande vipande. Jua likipanda inageuka ulimbo. Lami iliyoshika vizuri sakafuni iache hapo hapo, kisha nunua gundi iliyoandikwa kwamba inashika juu ya lami.

Mimi mara ya kwanza nilitumia gundi nyeupe ya seremala. Haikuisha miezi mitatu, vipande vikaanza kucheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Vijiti vikipungua, iba chini ya kabati la ukutani au stoo. Nani atachungulia huko?

3. Msasa. Futa nta ya zamani kwanza kwa tapentaini, madirisha yakiwa wazi, la sivyo itaziba msasa dakika ya pili. Subiri pakauke kabisa. Anza na msasa namba 60; namba ikiwa ndogo, msasa unakwaruza zaidi. Namba 40 ni ya sakafu yenye mabonde, wala usimruhusu fundi aanze na 24 eti amalize haraka. Pita kimshazari, maana vijiti vimelala pande mbili, na mashine isisimame hata sekunde ikiwa inazunguka. Kisha namba 100. Unga laini unaotoka hapo uchanganye na gamu ya kuzibia mbao, ujaze nyufa. Ikikauka, malizia na 120. Vumbi la muhugu huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo vaa mikono mirefu.

4. Vanishi. Tabaka tatu nyembamba, na msasa wa 220 kwa mkono kati ya tabaka na tabaka. Zima jiko la gesi, maana mvuke wa vanishi unaweza kushika moto. Ukichagua mafuta ya kitani badala ya vanishi, tandaza matambara nje yakauke. Yakirundikwa yanaweza kujiwasha yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Nakuru: Fundi anasema grainda ndogo inatosha, tena ni bei nafuu.*

Itakuchimbia vidimbwi utakavyoviona kila jioni ukiwasha taa. Kodi mashine ya sakafu kwa siku moja. Pembeni malizia kwa mkono.

*Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Nyumba ya babu ina mbao ndefu zilizopigiliwa juu ya boriti, siyo parke. Somo linafaa?*

Marahaba mwanangu. Linafaa, ila zamisha kwanza vichwa vya misumari vishuke milimita 3, visije vikachana msasa. Piga msasa kufuata urefu wa mbao. Kabla ya kupigilia msumari mpya hakikisha hakuna waya wala bomba chini yake. Halafu chomachoma ncha za boriti zinapoingia ukutani kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, mwite seremala kabla ya kitu kingine chochote.

*Mwanachama, Thika: Mbwa alikojoa kona moja, pamekuwa peusi. Nisage zaidi?*

Hapana, weusi umeingia ndani. Jaribu asidi ya okzaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu, ukivaa glavu na miwani. Ni sumu, watoto wakae mbali. Suuza vizuri. Isipotoka, badilisha vijiti hivyo vichache tu.

*Mwanachama, Kiambu: Naweza kuanza Aprili?*

Masika mbao zimevimba na vanishi inachelewa kukauka. Aprili gonga na utie chaki. Mashine ingoje Januari.