SOMO: Jinsi ya kuvaa ukienda kucheza gofu bila kurudishwa mlangoni (na bila kumaliza mshahara)

Wakuu habari za jioni. Naona gofu imeanza kuwavuta wengi humu, kila wiki naulizwa inbox "kaka nivae nini", basi naandika mara moja yaishe.

Mimi mara ya kwanza nilialikwa na bosi wangu wa zamani. Nikapiga jinzi mpya, fulana nyeusi ya shingo ya duara imenyooshwa pasi, raba nyeupe kama maziwa, yaani nimejiona nimetokelezea. Yule dada wa mapokezi akaniangalia kwa upole akasema kaka samahani, hivyo huingii uwanjani. Nikakaa kwenye gari la watu zaidi ya masaa manne natafuna karanga wenzangu wakimaliza mashimo 18. Kwahiyo nyie msikilizeni aliyeumwa na nyoka.

HATUA YA 1: Piga simu kwanza
Kila klabu ina sheria zake, usibishane na mimi kwamba kwa shemeji yako wanaruhusu. Uliza vitu vitatu tu: pensi ruksa? raba ruksa? nikimaliza kucheza naingia baa na nguo hizohizo? Hilo la tatu watu wanalisahau, kuna sehemu unacheza vizuri halafu unazuiwa kwenye msosi.

HATUA YA 2: Juu ni kola
Ile tisheti tunayoita form six ndiyo nguo yenyewe. Asili yake wala sio gofu, ni tenisi, Mfaransa René Lacoste miaka ya 1920 alichoka kucheza na shati la mikono mirefu akaja na lile fupi lenye kola laini, watu wa gofu wakalidaka. Sasa usikimbilie dukani. Nenda soko la Karume, Dar, asubuhi mapema kabla wachuuzi hawajachambua, form six za gofu zimo kibao kwenye mitumba, nyingine bado zina nembo ya klabu ya Marekani kifuani. Shika kitambaa, chukua poliesta ile nyepesi, achana na pamba nzito maana kwa joto la Dar ukifika shimo la tano pamba imeloa jasho imekugandia mgongoni kama chapati. Halafu ichomekee. Kabla hujalipa, inua mikono yote juu kama unataka kupiga mpira, ikichomoka kwenye suruali ni fupi hiyo, rudisha.

HATUA YA 3: Chini ni kadeti
Jinzi hapana, hata nyeusi, hata uliyonunua laki mbili. Traki hapana, pensi ya mpira hapana, kombati zenye mifuko mapajani klabu nyingi hawazitaki. Pensi ya kadeti inayofika magotini na mkanda mara nyingi inakubalika. Na msidhani wanaonewa wanyonge tu, hata maprofesheno wa PGA Tour (yale mashindano makubwa ya gofu ya kulipwa ya Marekani) wameruhusiwa pensi mwaka 2019, tena ni siku za mazoezi na zile raundi za kucheza na wageni waalikwa, mashindano yenyewe ni suruali ndefu hata jua liwake vipi.

HATUA YA 4: Miguu, hapa ndipo utoe hela
Shati la elfu tano halitakuumiza, kiatu kibovu kitakuumiza. Mashimo 18 kwa mguu unatembea kama kilomita 8 mpaka 10, kwenye nyasi zenye umande asubuhi, vilima, mchanga. Kiatu cha gofu kina meno laini ya plastiki chini, zamani yalikuwa ya chuma yakawa yanachana grini (pale penye nyasi fupi kabisa karibu na shimo) ndio klabu zikayapiga marufuku. Ukikosa, raba safi yenye soli ya kushika sehemu nyingi wanapokea. Soksi vaa, chukua na jozi ya akiba.

HATUA YA 5: Kapelo, na glovu moja, mkono wa kushoto kama unapiga kwa kulia. Kapelo unavua ukiingia ndani. Basi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nina njumu za mpira, si zina meno pia?
Jibu: Usithubutu. Meno ya njumu ni marefu, yanaacha mashimo kwenye grini, utafukuzwa na anayekata nyasi kabla ya meneja hajafika.

Swali: Mimi navaa hijabu, nitaweza?
Jibu: Bila shida dada. Vaa ya michezo isiyopepea, ndani bodi ya mikono mirefu juu yake form six, chini suruali pana ya kitambaa. Ukipata sketi ya gofu vaa na taiti ndani. Taiti peke yake ndiyo wanayoikataa.

Swali: Mbona Tiger Woods alikuwa anavaa isiyo na kola?
Jibu: Ile ina shingo iliyosimama, Nike walimtengenezea. Shinda kwanza alizoshinda yeye halafu uje kubishana mapokezi 😂 Lile shati lake jekundu la Jumapili, siku ya mwisho ya mashindano, ruksa kuiga, mama yake aliamini ndiyo rangi yake ya nguvu.

Swali: Kombati ya madoadoa je, pale Lugalo?
Jibu: Ndugu unatafuta nini? Ule uwanja ni wa jeshi. Agosti 2023 JWTZ walitangaza wenye mavazi yanayofanana na ya jeshi wayasalimishe. Iache, Lugalo au popote.

Swali: Huu si ukoloni tu jamani? Kola inasaidia nini mpira kuingia shimoni?
Jibu: Kola haisaidii kitu, nakubali, hizi gymkhana zilianzishwa na wazungu na mengine ni mazoea yao tumeyarithi. Ila la viatu lina sababu. Ndio maana nawaambia mtumba wa Karume, ukishachomekea hakuna anayejua umenunua wapi.

Swali: Mvua ikinyesha?
Jibu: Koti jepesi lisilobana mabega, glovu ya pili ndani ya kimfuko cha nailoni. Radi ikianza kupiga hapo hakuna habari ya mavazi, weka fimbo chini, usikae chini ya mti, rudini klabu.